Kilo Kumi na Mbili

Jumanne, 12 Machi

Muuguzi kaniambia niandike kila ninachoweka mdomoni, bila kudanganya. Basi naandika. Leo: uji bila sukari, kipande cha papai, kabichi ya kuchemsha, hasira.

Nilipanda mizani mbele yake. Kilo mia moja na nne. Mizani yenyewe niliitengeneza mimi kwa mikono yangu, ndiyo kazi yangu, kwa hiyo sikuwa na wa kumlaumu. Daktari akanieleza kwamba damu yangu na ya rafiki yangu Kijiko zinakubaliana vizuri ajabu, figo yangu moja inamfaa, ila kwa tumbo hili na presha hii hakuna mpasuaji mwenye akili timamu atakayenigusa. "Shuka hadi tisini na mbili," alisema, "na presha itulie. Ndipo uje tuongee."

Nikamuuliza tuna muda gani. Nje mvua ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, matone makubwa yanapiga bati. Akasema mishipa ya mikono ya Kijiko imeanza kukataa sindano za mashine ya kusafishia damu, na mrija wa shingoni si kitu cha kutegemea. "Kama mvua hizi zitaisha hujawa tayari, sitaki kukudanganya."

Kijiko hajui kwamba nilikwenda kupimwa. Na asijue.

Ijumaa, 15 Machi

Ijumaa ni siku ya meza yetu. Sijawahi kuikosa isipokuwa siku niliyomzika baba.

Tuko wanne, wote darasa moja tangu utoto. Mwalimu, ambaye hata akiagiza chai anaagiza kana kwamba anasahihisha mtihani. Kinyozi, anayejua habari za mji mzima kabla hazijatokea. Mimi, wanayeniita Tani, na sababu haihitaji maelezo. Na Kijiko mwenyewe, mwanamke pekee kati yetu, mwenye mgahawa, tuliyempa jina hilo shuleni kwa wembamba wake. Meza yetu ni ile ya pembeni, karibu na jiko, na hatuagizi. Tunakula alichoamua tule.

Tangu figo zake zigome, anakaa nasi na kikombe kimoja cha maji, ambacho ndicho kinywaji chake cha siku nzima, anakinywa kwa matone. Chakula cha wateja anakionja, anakitafuna, anakitema kwenye kopo. Halafu anatutazama tukila. Anasema anashibia machoni.

Mdogo wake alipimwa mwaka jana, hawakulingana. Kinyozi alipojitolea, palepale mezani, Kijiko alinyanyua mwiko. "Nisikie vizuri, na wengine mnisikie. Mtu niliyemlisha mimi siwezi kumla. Atakayelirudia neno hilo atafute pa kulia." Tukanyamaza sote. Mimi nikanyamaza hadi hospitali.

Leo alileta mbavu za kukaanga na viazi vyake vile vyenye maganda yanayovunjika mdomoni, na wali juu yake. Mate yalinijaa hadi nikashindwa kusema. Nikachukua majani mawili ya saladi.

"Una nini?" akaniuliza.

"Jino."

"Jino gani linakataa wali?"

"La nyuma. Huku."

Mwalimu akanitazama juu ya miwani. Kinyozi akavuta sahani yangu kwake, na kwa hilo sitamsamehe. Kijiko alisimama akaenda jikoni, na niliona wazi kwamba nimemuumiza. Mtu ambaye haruhusiwi kula chakula chake mwenyewe anakula kwa midomo yetu, na mimi leo nimemfungia mlango. Nimerudi nyumbani na njaa na aibu, sijui ipi ilikuwa kubwa.

Jumatatu, 18 Machi

Kabichi. Yai la kuchemsha. Mvua. Nimeota viazi.

Alhamisi, 21 Machi

Nilikuwa nimemweleza mke wangu kila kitu tangu mwanzo, maana siri ya namna hii huwezi kuificha kwa mtu anayekupikia. Siku ile alisema, "Miaka yote hii mimi hukunipa hata pete ya pili, leo unamgawia mwanamke mwingine nyama ya mwilini." Nikacheka. Yeye hakucheka. Leo asubuhi nimemkuta jikoni ananipimia uji kwa kikombe, anafuta macho kwa upindo wa kanga. Sikuingia. Nilisubiri barazani hadi alipoita.

Ijumaa, 29 Machi

Kilo mia moja. Nilitamani kumwambia mtu.

Badala yake nilikaa kwenye kiti cha Kinyozi aninyoe, na yeye akaingiza vidole viwili kati ya shingo yangu na kola. "Tani, kola inacheza."

"Nimenunua shati kubwa."

"Shati hili nalijua. Ulilivaa harusini kwa mwanangu, vifungo vilikuwa vinalia." Akazima mashine, akainama sikioni. "Kaka, kama ni ugonjwa, sema. Siku hizi kila kitu kina dawa."

Wateja wawili benchini walijifanya wanasoma gazeti. Nikamwambia ni jino. Hata mimi nilianza kulichukia hilo jino. Jioni mezani walikuwa wamekwisha kula njama, nilijua kwa jinsi walivyochangamka kupita kiasi. Kijiko alinihudumia kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake, na upole wake ulinitisha kuliko mwiko.

Jumanne, 2 Aprili

Tisini na tisa.

Kijiko ameanza kuniletea chakula karakana. Binti wa jikoni kaja na bakuli la mfuniko: "Amesema ni kabichi tu ya kuchemsha na maboga, laini, kwa ajili ya jino. Na amesema usirudishe hata jani." Nimekula nimesimama, kati ya mizani ya duka la nyama na ile ya posta. Sikujua kabichi inaweza kuwa tamu hivyo. Nadhani mwili umeanza kuzoea.

Ijumaa, 5 Aprili

Bakuli linakuja kila siku. Mvua haikati. Kijiko leo alikuja mezani na bandeji shingoni. Hakuna aliyeuliza.

Jumanne, 9 Aprili

Tisini na tisa.

Jumanne, 16 Aprili

Mia moja kasoro kidogo. Presha imepanda.

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Mzee wangu, unaandika kabichi, mwili unaandika kitu kingine." Nikaapa. Akasema kila mtu huapa. Nyumbani mke wangu naye akaninusa mashati. Nilipandwa na hasira nikamwambia maneno mabaya, kwamba labda anafurahi, labda anaomba nishindwe ili nibaki mzima. Aliniwekea uji wangu, akaenda kulala kwa dada yake.

Nimekaa peke yangu na njaa yangu. Ninakula kidogo kuliko mtoto na siteremki. Mishipa ya Kijiko inakwisha. Nitamuua rafiki yangu kwa kuwa mnene.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeshinda karakana nikikagua mizani yangu kwa mawe ya kupimia, jiwe kwa jiwe. Nilikuwa naomba iwe mbovu. Haina kasoro yoyote.

Mke wangu amerudi. Nilimwomba radhi mlangoni kabla hajavua viatu.

Jumatatu, 22 Aprili

Andika yote.

Ijumaa niliitwa haraka kwenye ghala la nafaka, mizani ya magunia imekwama, na bakuli la Kijiko nikaliacha nusu juu ya benchi. Jumamosi nilikuwa nimezama kwenye mawe yangu, sikuliona. Leo asubuhi ilikuwa baridi, mvua ya upepo inaingia chini ya mlango. Nikafungua bakuli ili nilioshe.

Juu ya kabichi palikuwa na mafuta yaliyoganda, meupe, mazito. Nikachomeka kidole, kikaingia hadi kwenye ukucha. Siagi, na mafuta ya mifupa chini yake. Nikalamba. Chumvi pia, imefichwa kwa ustadi ndani ya utamu wa maboga.

Nilikaa chini. Siku zote hizo nimekula mafuta na kuyasifu. Mimi, ninayejisifu kwamba naweza kutambua maharage yaliyoungua kutoka ng'ambo ya barabara! Labda ulimi wangu ulijua tangu siku ya kwanza, ukaamua kukaa kimya.

Nikalichukua bakuli, nikaenda mgahawani kwenye mvua bila mwavuli. Hapakuwa na wateja. Kijiko alikuwa anachambua mchele, mkono wa kushoto umevimba hadi kiwiko.

"Hii nini?" nikamwekea bakuli mbele.

Akatazama. Hakukana. "Ni chakula."

"Uliniambia kabichi ya kuchemsha."

"Na wewe uliniambia jino!" Alisimama kwa ghafla hadi mchele ukamwagika. "Jino! Unadhani mimi mjinga? Unakonda mbele ya macho yangu kila Ijumaa, shingo inakwisha, mashavu yanakwisha, Kinyozi analia dukani kwake, Mwalimu ananiambia tusikubane. Nikasema huyu mtu ana ugonjwa mbaya na hataki kula. Nifanye nini? Mimi najua kitu kimoja tu duniani. Nikakutilia siagi. Nikakutilia supu ya mifupa, nakesha nayo jikoni. Nilidhani unakufa kabla yangu, Tani."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Nilisema, "Siumwi. Napungua makusudi. Daktari hatanipasua nikiwa mnene. Figo yangu inakufaa. Wamepima."

Mvua ilikuwa inapiga bati hata nikadhani hakunisikia. Kisha akauliza polepole, "Na siagi yangu?"

"Imenirudisha nyuma. Mwezi karibu wote."

Akaketi. Aliweka mkono ule mzima mdomoni. Nikadhani amekubali, nikamsogelea, na hapo ndipo alipobadilika.

"Nilisema siwezi kumla mtu. Nilisema mbele yako."

"Ulisema."

"Toka."

"Kijiko..."

"Toka mgahawani kwangu. Usirudi hata Ijumaa. Afadhali nikuone mnene mlangoni kwa mtu mwingine kuliko nikuone kaburini kwa sababu yangu. Toka!"

Nimetoka. Bakuli nililiacha.

Ijumaa, 26 Aprili

Meza bila mimi. Kinyozi amepita nyumbani akasema Kijiko aliwawekea chakula akakaa jikoni, na walikula kama wako msibani. Sasa wanajua kila kitu. Kinyozi alinikumbatia, jambo ambalo hajalifanya tangu tumalize shule, kisha akanitukana kwa kumficha.

Jumanne, 30 Aprili

Tisini na saba. Kijiko anapikia wengine, mimi napikiwa na mke wangu kwa mizani. Natembea hadi karakana na kurudi, mvua inanichapa, viatu vimeoza.

Jumapili, 5 Mei

Nimepita mgahawani upande wa pili wa barabara. Harufu ya viazi ilinifuata hadi kwenye kona. Nilisimama chini ya paa la duka la vitambaa nikila kwa pua, mtu mzima mwenye wajukuu. Sikuwa natamani viazi tu. Nilitamani asimame mlangoni anitukane.

Jumanne, 7 Mei

Tisini na tano na nusu. Presha nzuri. Muuguzi akanipa mkono.

Alhamisi, 9 Mei

Mwalimu kanipigia simu asubuhi, na kwa mara ya kwanza hakuanza kwa salamu. Mrija wa shingoni umeziba. Wamemlaza Kijiko.

Tulimkuta wodini, uso umevimba, pumzi fupi. Wametoboa pajani. Daktari akasema hapo ndipo mwisho, baada ya hapo hana pengine pa kuchoma. Kijiko alipotuona aligeuza uso ukutani, akanipa kisogo hadi muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Kinyozi alimsimulia habari za mji mzima na hakuna aliyecheka. Nilisimama pale na kilo zangu nilizopunguza nikajiona mtu aliyeleta zawadi kwenye nyumba iliyofungwa.

Nina hasira naye. Naliandika wazi: nina hasira naye sana. Amenilisha maisha yangu yote bila kuniuliza kama nataka, na zamu yangu ilipofika amefunga mdomo.

Jumamosi, 11 Mei

Mke wangu amekwenda wodini peke yake. Hakuniambia kabla. Aliporudi alivua kitenge kilicholowa, akakaa.

"Nimemwambia, wifi, mimi sikutaka. Nimelia, nimenuna, nimelala kwa dada yangu. Na bado nampimia uji kila asubuhi. Kwa hiyo usifikiri unanionea huruma ukikataa. Ukikataa unanifanya nimeumia bure."

"Akasemaje?"

"Akauliza uji naupika na nini."

Jumanne, 21 Mei

Tisini na moja na nusu. Muuguzi aliita wenzake waje kuona. Nilitakiwa nifurahi. Daktari akaniambia bado jambo moja: sisi si ndugu wa damu, kwa hiyo kuna kamati. Wanataka kuhakikisha hakuna anayeuza wala kulazimishwa. Na wanataka kusikia kwa mdomo wa mgonjwa mwenyewe kwamba anakubali. Asipotamka, faili linafungwa.

Nikauliza kama atakuja. Daktari akasema amekubali kuletwa. Zaidi ya hapo hajasema neno.

Ijumaa, 24 Mei

Mvua imekatika leo. Tangu asubuhi hakuna tone, barabara zinatoa mvuke.

Chumba kidogo, meza ndefu, watu watatu. Mwenyekiti ni mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Kijiko aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amevaa gauni lake la Ijumaa, limekuwa kubwa kwake. Hakunitazama.

Walianza na mimi. Nimeahidiwa nini? Nikasema nimeahidiwa kufukuzwa mgahawani, na nimeshafukuzwa. Kijana wa kamati akatabasamu, mama hakutabasamu. Naogopa? Nikasema ndiyo, naogopa, nikifumba macho naona taa za chumba cha upasuaji. Kwa nini basi? Nilikuwa nimejiandaa maneno mazuri, Mwalimu alinisaidia, yote yakapotea. Nikasema, "Kwa sababu huyu akifa sitakula tena na mtu anayenijua."

Mama akaandika. Kisha akamgeukia Kijiko. "Umeelezwa hatari, zako na zake?"

Akatikisa kichwa, ndiyo.

"Unakubali kupokea figo ya huyu bwana?"

Muuguzi aliyesimama nyuma yake akahamisha mguu. Nilisikia maji yanayodondoka kutoka kwenye paa nje, machache, ya mwisho.

"Mama," mwenyekiti akasema taratibu, "kutikisa kichwa hapa hakutoshi. Nataka neno. Usiposema, hatutakulazimisha, na leo itakuwa imeisha."

Kijiko akanitazama, mara ya kwanza tangu siku ya siagi. "Ukifia mezani kwao?"

"Sitafia."

"Nimekuuliza ukifa, Tani. Usinidanganye tena."

Sikuwa na jino la kujificha nyuma yake. "Nikifa, mke wangu atakulaumu kwa muda. Halafu ataacha. Ameniambia mwenyewe."

Alifumba macho. Mikono yake ilishika vyuma vya kiti, na nilijua sasa ndipo atakaposema hapana, nilijua kabisa.

"Naitaka," akasema.

"Tafadhali sema kwa sauti," mwenyekiti akamwomba.

"Naitaka!" Alipiga kelele kwa hasira, kama mtu aliyerukwa kwenye foleni tangu alfajiri. "Naitaka figo yake. Nataka kunywa maji. Nataka kula chakula changu mwenyewe, nimeze. Sitaki kufa, jamani, sijataka siku hata moja! Haya, nimesema. Andikeni."

Wakaandika. Mimi nilikuwa nalia mbele ya watu nisiowajua na sikujali.

Upasuaji ni wiki ijayo. Kwenye korido nilisukuma kiti chake mimi mwenyewe, muuguzi akaniachia. Tulipokaribia lifti akauliza bila kugeuka, "Asubuhi umekula nini?"

"Uji. Papai kidogo."

"Sukari?"

"Hamna."

"Vizuri," akasema, na akauweka mkono wake wenye uvimbe juu ya wangu, hakuutoa hadi mlango ulipofunguka.